Kuchagua Kaliba ya Bei Nafuu kwa Uwindaji wa Koyote

Gharama ya kuwinda koyote kwa bunduki haijulikani siku silaha inaponunuliwa. Hujitokeza baada ya misimu miwili au mitatu, pale mwindaji anapojumlisha maboksi ya risasi aliyoyamaliza kwenye uwanja wa shabaha na yale machache aliyoyatumia porini, kisha akagundua kwamba jumla hiyo imekaribia bei ya bunduki yenyewe au hata imeipita. Wanaotafuta silaha ya bei nafuu huanza, kwa kawaida, kwa kulinganisha bei za bunduki dukani, ilhali tofauti hiyo si kubwa siku hizi. Viwanda vya Marekani vinatengeneza bunduki za kawaida za bolti, yaani zile ambazo mwindaji huvuta na kusukuma kitasa kwa mkono ili kutoa ganda lililotumika na kuingiza risasi mpya, kama vile Savage Axis, au Ruger American iliyoingia sokoni mwaka 2012, na bunduki hizo huuzwa kwa dola mia chache bila bei kutofautiana sana kati ya kaliba moja na nyingine. Kinachotofautiana ni bei ya risasi moja moja, urahisi wa kuipata katika duka la mji mdogo, na muda ambao mtutu utadumu kabla ya kuchakaa. Kwa hiyo kaliba nafuu, kwa maana inayotetewa katika makala haya, ni ile inayomruhusu mwindaji kufyatua risasi nyingi za mazoezi kila mwaka bila kuhesabu senti, kwa sababu koyote hauawi na ukubwa wa risasi kama anavyouawa na mahali ilipompata.

Koyote, ambaye kwa jina la kisayansi huitwa Canis latrans, ni mnyama wa jamii ya mbwa, mdogo kuliko mbwa mwitu wa kijivu wa nchi za kaskazini na mkubwa kuliko bweha wa Afrika Mashariki, anayepatikana katika majimbo yote ya Marekani isipokuwa Hawaii, na ambaye ameenea kaskazini hadi Alaska na kusini hadi Panama. Wale wa magharibi huwa na uzito wa kilo 9 hadi 16 hivi, na wale wa kaskazini-mashariki, ambao wamechanganya damu na mbwa mwitu, huweza kufika kilo 20 na zaidi. Manyoya ya majira ya baridi humfanya aonekane mnene kuliko alivyo, na hapo ndipo hesabu za wengi zinapoharibika, maana sehemu ambayo risasi ikipita mnyama huanguka upesi, yaani moyo na mapafu, ina upana wa sentimita 10 hadi 13 tu, nyuma kidogo ya bega na chini kuliko mgeni anavyodhani. Anayelenga katikati ya umbo lenye manyoya humpata tumboni au juu ya uti wa mgongo. Mnyama wa namna hii hahitaji nguvu nyingi kumwangusha. Anahitaji risasi inayoruka kwa mstari ulionyooka, inayofunguka upesi ndani ya kifua, na mtu aliyeifyatua mara nyingi kiasi cha kujua itaangukia wapi.

Kabla ya kulinganisha kaliba, inafaa maneno machache yaeleweke. Kaliba ni kipenyo cha tundu la mtutu au cha risasi inayopita humo, ingawa wauzaji hulitumia neno hilo kutaja aina nzima ya risasi pamoja na ganda lake. Namba iliyomo katika jina si kipimo cha kuaminika: .22 Hornet, .223 Remington na .22-250 Remington zote leo hurusha kichwa, yaani kile kipande kinachotoka mtutuni, cha kipenyo kilekile cha inchi .224, yaani milimita 5.69, na kinachozitenganisha ni ukubwa wa ganda na kiasi cha baruti kilichomo. Uzito wa kichwa hupimwa kwa greni, kipimo cha zamani kinacholingana na gramu 0.065, hivyo boksi la risasi 20 lililoandikwa ubavuni 223 REM 55 GR lina vichwa vya gramu 3.6 hivi kila kimoja. Ganda likipinduliwa, jina la kaliba huonekana limechongwa tena kwenye kitako chake, kuizunguka fataki, ambayo ni kile kikombe kidogo cha katikati kinachogongwa na pini ili baruti iwake. Na mwindaji makini hulisoma jina hilo kila mara kabla ya kupakia, hata kama boksi amelifungua mwenyewe.

Kwa mtu wa kipato cha kawaida anayeanza bila silaha yoyote, hukumu ya makala haya ni .223 Remington. Kaliba hii ilitokana na .222 Remington ya mwaka 1950, ikakuzwa sambamba na risasi ya kijeshi ya milimita 5.56 iliyokusudiwa kwa bunduki ya M16, na ikaingia katika soko la raia mwaka 1964. Kichwa chake cha kawaida cha greni 55 huondoka katika mtutu wa inchi 24 kwa mwendo wa mita 988 hivi kwa sekunde, kikiwa na nishati ya jouli 1,700 na ushei, kiasi kinachomtosha koyote hadi umbali ambao wengi hawana ustadi wa kuufikia.

Unafuu wake una sababu zinazoeleweka. Kwa kuwa ni ndugu wa risasi ya jeshi, na kwa kuwa bunduki za AR-15 zilizomo mikononi mwa raia wa Marekani ni mamilioni, karibu kila kiwanda cha risasi huitengeneza kwa wingi, na wingi huo hushusha bei na kuiweka kwenye rafu za maduka ambayo hayana nafasi ya kaliba zisizonunuliwa sana. Ganda lake ni dogo, nalo hubeba greni 25 hivi za baruti, wakati .22-250 hutaka 35 au zaidi na .243 Winchester aghalabu hufika 40 na kuendelea. Tofauti hiyo huonekana wazi kwa wale wanaojaza upya maganda yao nyumbani: kopo la pauni moja lina greni 7,000 za baruti, hivyo hutoa risasi 280 za .223, lakini 200 au pungufu za .22-250. Baruti kidogo maana yake pia ni joto kidogo katika koo la mtutu, ile sehemu iliyo mbele tu ya chemba inamokaa risasi, ambako moto hula chuma kwanza, na kwa sababu hiyo mtutu wa .223 hustahimili maelfu mengi ya risasi kabla usahihi wake haujapungua. Ipo faida nyingine ambayo haiandikwi kwenye bei, nayo ni kwamba kitako hakisukumi bega kwa nguvu, hivyo jicho halitoki kwenye darubini, na mwindaji huona kwa macho yake kama risasi imempata mnyama, imempita juu au imechimba vumbi mbele yake. Anayeona kosa lake hulirekebisha, na anayeumizwa bega huanza kufumba macho kabla ya kufyatua, tabia ambayo ikishaota mizizi huhitaji miezi kuiondoa.

Bei hizo, hata hivyo, hazikai mahali pamoja. Uhaba wa miaka ya 2020 na 2021 ulionyesha kwamba hata risasi inayotengenezwa kwa wingi kuliko nyingine huweza kutoweka madukani, kwa hiyo ni busara kununua kidogo kidogo wakati soko limetulia, na kununua maboksi yenye namba moja ya toleo, kwa kuwa matoleo mawili ya kiwanda kimoja huweza kupishana kidogo mahali yanapopiga. Ndani ya bei ya kila boksi imo pia kodi ya shirikisho ya asilimia 11 inayotokana na sheria ya Pittman-Robertson ya mwaka 1937, ambayo mapato yake hurudishwa majimboni kwa ajili ya uhifadhi wa wanyamapori na mafunzo ya wawindaji. Ni kodi yenye heshima yake, na mnunuzi anastahili kujua kwamba anailipa.

Undugu wa .223 na risasi ya jeshi una hatari ambayo lazima ielezwe bila kufichwa. Risasi ya 5.56 inafanana nayo kwa umbo la nje na huingia katika chemba ya .223 bila kukwama, lakini koo la chemba ya .223 ni fupi zaidi, na risasi ya kijeshi ikifyatuliwa humo shinikizo huweza kupanda kupita kiwango kilichokusudiwa. Kinyume chake ni salama, yaani .223 katika chemba ya 5.56, kwa hiyo maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu ndiyo yanayofuatwa, wala si maelezo ya muuzaji au ya aliyekuwa na bunduki hiyo kabla. Hatari iliyo kubwa zaidi ni .300 Blackout, ambayo ilitengenezwa kutokana na ganda la familia hiyohiyo, hutumia magazini ileile ya AR-15, lakini ina kichwa kinene kuliko tundu la .223; ikiingia katika bunduki isiyo yake na ikafyatuliwa, bunduki huweza kupasuka mkononi mwa mpigaji. Familia yenye bunduki za aina zote mbili itenge magazini zake kwa rangi au alama inayotambulika hata gizani kwa kupapasa.

Jambo la pili la kusoma kwenye mtutu ni mzunguko wa mifuo. Mifuo ni mikato iliyopinda ndani ya mtutu inayoifanya risasi izunguke ili iruke bila kuyumba, na kasi ya kupinda huko huandikwa 1:12, 1:9 au 1:8, kwa maana kwamba risasi hukamilisha mzunguko mmoja katika kila inchi 12, 9 au 8 za mtutu. Kichwa kirefu hutaka mzunguko wa haraka zaidi. Mtutu wa 1:12 hutosheka na vichwa vifupi vya greni 40 hadi 55, lakini mnunuzi wa leo asiukubali iwapo anaweza kupata 1:9 au 1:8, kwa sababu mitutu hiyo hurusha vizuri vichwa vyepesi na vizito pia, na kwa sababu sheria zinaelekea kwenye vichwa vya shaba. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, hivyo kichwa cha shaba tupu huwa kirefu zaidi kwa uzito uleule. Katika California, tangu tarehe 1 Julai 2019, ni marufuku kumpiga mnyamapori yeyote kwa risasi zenye madini hayo, hatua iliyochukuliwa hasa kwa ajili ya kondori wa California, ndege anayekula mizoga na kufa kwa sumu ya vipande vilivyobaki ndani yake. Mkaazi wa huko ahesabu kwamba atanunua risasi za shaba, ambazo ni ghali, na kwake mtutu wenye mzunguko wa taratibu utakuwa hasara tangu siku ya kwanza.

Aina ya kichwa ina uzito kuliko namba ya kaliba, na wengi hulipuuza jambo hili kwa sababu ya bei. Kichwa kilichofunikwa gamba lote ndicho cha bei ya chini kabisa, nacho kinafaa kwa karatasi na mabamba ya mazoezi. Porini hakifai, maana mara nyingi hupita mwilini bila kupanuka, mnyama akakimbia na tundu dogo, akafa mbali na baada ya saa nyingi, na hakuna dola chache zilizookolewa ambazo zinahalalisha mateso hayo. Kinachotakiwa ni kichwa cha ncha laini, ambacho madini yake yamejitokeza mbele ili yatanuke yanapogonga nyama, au chenye ncha ya plastiki kama V-Max ya Hornady, ambacho huvunjika vipande ndani ya kifua na mara nyingi hakitoki upande wa pili. Hata hivyo, vichwa vyepesi kupita kiasi vina kasoro yake: vikigonga mfupa wa bega huweza kupasuka juu juu na kuacha jeraha pana lisilofika kwenye mapafu, hali ambayo ni mbaya kuliko kukosa kabisa. Kwa .223, vichwa vya greni 50 hadi 60 ndivyo vinavyoaminika, na njia ya kubana matumizi ni kufanya mazoezi kwa risasi za bei ya chini na kuweka boksi moja au mawili ya risasi bora kwa ajili ya porini, ilmradi darubini irekebishwe upya kwa zile za porini kabla ya msimu, kwa sababu aina mbili za risasi aghalabu hazipigi mahali pamoja.

Vishawishi vya bei hutoka hasa kwa risasi za ukingo, ambazo fataki yake imo ndani ya ukingo wa kitako cha ganda na ambazo haziwezi kujazwa upya. .22 Long Rifle, inayotengenezwa tangu mwaka 1887, ni nafuu kuliko zote, lakini nishati yake ni jouli 180 hivi, takribani sehemu moja ya kumi ya .223, na .17 HMR ya mwaka 2002, ingawa ina kasi, hufikia jouli 330 hivi tu kwa kichwa cha greni 17. Kwamba zimewahi kumuua koyote aliye karibu hakukanushwi na mtu. Swali ni wangapi waliondoka wakiwa wamejeruhiwa. Mahali pake panapofaa ni uwanjani, ambako bunduki ya .22 hufundisha kupumua, kushika na kufyatua kwa gharama ndogo sana. Wala udogo haumaanishi unafuu: .22 Hornet ya mwaka 1930 ina nusu na kidogo tu ya nishati ya .223, ni tulivu na yapendeza kuitumia karibu na makazi ya watu, na bado risasi zake ni ghali kuliko za .223 kwa sababu zinatengenezwa chache.

Upande wa juu wa .223 ipo .22-250 Remington, iliyotokana na ganda la .250 Savage la mwaka 1915, ikatengenezwa na mafundi binafsi kwa miongo kadhaa, hadi Remington walipoirasimisha mwaka 1965. Kichwa kilekile cha greni 55 huondoka humo kwa mita 1,120 kwa sekunde, kikiwa na jouli 2,240 hivi, na katika nyanda za Wyoming, Montana au Dakota, ambako upepo hautulii na koyote husimama mbali kutazama, ziada hiyo ina maana halisi. Anayewinda huko kila wiki na anayejaza maganda yake mwenyewe hatajuta kuichagua. Anayewinda mara chache kwa mwaka katika vichaka vya Texas au mashamba yenye miti ya Pennsylvania atakuwa amelipia umbali asioutumia. .204 Ruger, iliyotolewa mwaka 2004 na Ruger kwa kushirikiana na Hornady, huruka kwa kasi kubwa na haiharibu sana ngozi, lakini risasi zake hazipatikani kila duka, na kwa anayetafuta unafuu hilo peke yake linatosha kuiweka kando.

Kaliba pekee inayoweza kuishinda .223 kwa hesabu ya fedha ni .243 Winchester, na ushindi huo hutegemea jambo moja tu, nalo ni kama mwindaji anataka pia kuwinda kulungu. Ilianzishwa mwaka 1955 kwa kuipunguza shingo ya ganda la .308 Winchester, nayo hurusha vichwa vya kuanzia greni 58 kwa koyote hadi greni 100 kwa kulungu. Majimbo kadhaa hayaruhusu kumpiga kulungu kwa kaliba ya familia ya .22: Colorado hutaka kisichopungua inchi .24, na Virginia hutaka .23. Familia inayotegemea nyama ya kulungu kujaza friza, kisha ikataka kulinda mbuzi wake dhidi ya koyote, itanunua bunduki moja ya .243 badala ya mbili, na hata kama kila risasi itagharimu zaidi, bei ya bunduki ya pili na darubini ya pili itakuwa imebaki mfukoni. Msukumo wake begani ni mkubwa kuliko wa .223 lakini bado ni wa kustahimilika kwa kijana anayejifunza.

Kwa mtazamo huohuo, mwenye bunduki ya .308, .30-30 au 7.62×39 ndani ya nyumba hana sababu ya kukimbilia dukani. Itatoboa ngozi vibaya, na ile ya 7.62×39 huanza kushuka mapema sana, lakini koyote anayekuja hadi mita 100 atakufa kwa yoyote kati ya hizo, na fedha za bunduki mpya zitanunua mazoezi ya miaka miwili.

Hoja ya ngozi, ambayo zamani ilikuwa sababu kubwa ya kuchagua kaliba ndogo na ya haraka, imepungua uzito. Kampuni ya Canada Goose, ambayo makoti yake yenye manyoya ya koyote kwenye kofia yaliongeza mahitaji kwa miaka mingi, ilitangaza mwaka 2021 kwamba inaacha kununua manyoya, na California imezuia uuzaji wa bidhaa mpya za manyoya tangu mwaka 2023. Asiwepo mtu anayenunua bunduki kwa matarajio kwamba ngozi zitarudisha gharama.

Fedha zinazookolewa kwenye kaliba zinapaswa kwenda kwenye mazoezi, na mazoezi hayo yafanane na porini. Koyote huitwa kwa sauti ya sungura aliyejeruhiwa, ya mdomo au ya kipaza sauti, naye huja kwa tahadhari akizunguka kutafuta upande ambao upepo unampelekea harufu. Mwindaji aliyeketi chini, mgongo ukiwa kwenye mti na bunduki ikiegemea fimbo mbili zilizofungwa pamoja, hubweka kidogo, mnyama husimama kwa sekunde mbili au tatu, na nafasi ni hiyo. Mara nyingi umbali hauzidi mita 150. Kupiga ukiwa umeketi mezani uwanjani hakumwandai mtu kwa sekunde hizo. Darubini ya .223 ikirekebishwa ili risasi ya greni 55 ipige penyewe kwenye yadi 200, ambazo ni mita 183, itapiga sentimita 4 hivi juu kwenye nusu ya umbali huo na kushuka sentimita 20 hivi kwenye yadi 300. Kwa hiyo hadi mita 200 na ushei mwindaji hulenga kifuani bila hesabu yoyote. Upepo ndio unaodanganya zaidi, maana ule wa kilomita 16 kwa saa unaovuma kutoka ubavuni huisogeza risasi hiyo sentimita 12 hadi 15 kwenye yadi 200, na kipimo hicho ni sawa na upana mzima wa sehemu inayoua. Asiyeujua upepo asubiri mnyama asogee.

Historia ya Afrika Mashariki ina ushahidi unaojulikana sana kwamba shabaha huzidi nguvu ya risasi. Mskoti Walter Bell, aliyewinda Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20, aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa kaliba ya 7×57 Mauser ambayo wenzake waliiona ndogo mno, kwa kuwa alichunguza mafuvu yao na kujua ubongo ulipo. Mauaji ya kiasi kile hayastahili kusifiwa, na sheria za leo zinahitaji kaliba kubwa kwa wanyama hatari kwa sababu nzuri; lakini kuhusu nguvu na shabaha, kazi yake ilimaliza mjadala.

Usalama hautofautiani kwa bei. Risasi ya .223 iliyokosa huweza kusafiri zaidi ya kilomita 3, kwa hiyo haifyatuliwi ila nyuma ya mnyama pakiwa na udongo wa kilima au ardhi inayoonekana, kamwe si anaposimama juu ya mgongo wa kilima na mbingu nyuma yake. Utambuzi nao ni wajibu mzito, kwa kuwa mbwa wa jirani, mbwa mwitu wa Mexico anayelindwa katika Arizona na New Mexico, na mbwa mwitu mwekundu wa North Carolina wote hufanana na koyote katika mwanga hafifu. Mwaka 2014 mahakama ya shirikisho ilisimamisha uwindaji wa koyote katika kaunti tano za North Carolina kwa sababu ya makosa ya namna hiyo. Na kwa mfugaji ambaye lengo lake ni kuokoa wana-mbuzi, si kuwinda, ifahamike kwamba koyote wanaouawa nafasi zao hujazwa upesi na wengine, hivyo bunduki peke yake haimalizi tatizo. Mbwa wa kulinda mifugo, kama Great Pyrenees, na uzio wa umeme hufanya kazi usiku kucha, na bunduki hubaki kwa ajili ya koyote mmoja aliyezoea kuruka uzio.

Msomaji aliyezoea sheria za Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, au za Tanzania, ambako huendeshwa kwa leseni na vitalu, atashangazwa na ulegevu wa sheria za koyote katika majimbo mengi. Texas, kwa mfano, haina msimu wa kufunga. Ulegevu huo haugusi umiliki wa silaha. Sheria ya shirikisho ya Marekani humkataza mtu anayeishi nchini humo bila kibali kumiliki bunduki au risasi, na huwakataza pia wenye viza za muda, wakiwemo wanafunzi, isipokuwa kwa masharti maalumu kama vile kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Wakaazi wa kudumu hawamo katika katazo hilo. Wazungumzaji wa Kiswahili walioko huko kwa viza ya aina yoyote wanaombwa kumwona mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kununua hata boksi moja la risasi, na wasishike bunduki ya rafiki uwanjani kabla hawajajua kwa hakika sheria inasema nini juu yao, kwa sababu kosa hilo huweza kumfunga mtu na kumfukuzisha nchini.